Saa Saba za Tikiti, Saa 15 za Angani

Januari 2019, Mama alisafiri kwenda New York kumwona mjukuu wake aliyezaliwa huko. Tikiti yake ilisema hivi: kutoka Nairobi saa tano na dakika 25 usiku, kufika saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi.

"Kumbe ni saa saba tu!" Baba akashangaa. "Hata basi la Mombasa huzidi hapo!"

Hakuna aliyembishia. Kenya Airways ilikuwa imeanza safari hiyo ya moja kwa moja Oktoba 28, 2018, nasi tuliamini ndege za siku hizi ni kama umeme.

Kulipopambazuka tulikuwa tumeizunguka simu. Saa moja, kimya. Saa mbili tukampigia dada yangu huko Marekani. Simu ikalia mpaka ikakatika. Kufikia saa tatu Baba alikuwa ameisukuma chai kando, amefungua redio, hasemi na mtu. Ndugu msomaji, Mama alikuwa hajawahi kupanda ndege maishani mwake.

Binti yangu, mwanafunzi wa sekondari, ndiye aliyetuokoa. "Babu, huko sasa ni saa saba usiku. Shangazi amelala, naye Nyanya bado yuko angani."

Akatueleza kwamba tikiti huandika saa za kila mji kivyake. Majira ya baridi, New York huwa nyuma yetu kwa saa nane. Majira ya joto, saa saba. Kwa hivyo zile saa saba za tikiti tuziongezee nane. Jumla, 15!

Baba hakuridhika. Binti akaleta tufe la Jiografia na uzi wa kushonea. Akaubana uzi Nairobi, akaukaza hadi New York. Ukapita juu ya Sahara, ukatokea pande za Morocco, ukavuka Atlantiki. Hizo ni kilomita 11,800 hivi, karibu mara 25 ya safari ya Nairobi hadi Mombasa.

Ndege kubwa huenda kama kilomita 900 kwa saa, basi saa 13 na kitu zingetosha. Lakini huko juu kuna upepo mkali utokao magharibi kwenda mashariki. Aendaye Marekani hupambana nao. Arudiye husukumwa nao. Ongeza muda wa ndege kujikokota uwanjani, hesabu inatimia.

Saa kumi kasorobo alasiri simu ikalia. "Nimefika," Mama akasema. "Miguu imevimba, lakini nimefika." Baba aliomba chai nyingine.

Nawe ukiwa na mzee anayesafiri hivyo, mwambie ainuke mara kwa mara atembee ndani ya ndege, na anywe maji. Nanyi mnaobaki nyumbani, ulizeni kwanza: hii ni saa ya wapi?

Mwishoni mwa Februari Mama alirudi. Tikiti ilisema kutoka saa sita na dakika 25 mchana, kufika kesho yake saa tano kasoro dakika tano asubuhi. Jirani akahesabu, akashtuka. "Saa 22 na nusu?"

"La hasha," Baba akamjibu bila kuinua macho. "Toa nane. Halafu ushukuru upepo."