Nyoka Asiyetudai Kitu

Sisi tuliokua na simu za Nokia mwanzoni mwa miaka ya 2000 tukikutana hatuchelewi kuitaja gemu ya nyoka. Wengine husema huko ni kuukumbuka utoto tu, na kwamba mtu mzima hana haja ya kulipa uzito jambo kama hilo. Mimi nalipa uzito. Naamini hamu hii inaelekea kwenye kitu halisi ambacho tulikuwa nacho na sasa ni adimu: mchezo ambao mtengenezaji wake hakuongezewa hata senti moja kwa sababu wewe umeendelea kuucheza.

Nyoka huyo hakuanzia kwenye simu, na alikoanzia kuna maana. Mwaka 1976 kampuni ya Gremlin ya Marekani ilitoa Blockade, mashine ya kuchezea kwa sarafu ambamo wachezaji walichora mistari wakizibiana njia. Kila mchezo ulitaka sarafu yake. Fikra hiyo ikazunguka katika kompyuta za namna namna hadi Taneli Armanto, mhandisi wa Nokia huko Ufini, alipoiandikia simu ya Nokia 6110 iliyotoka mwishoni mwa 1997. Mwaka 2000 likaja toleo la pili ndani ya Nokia 3310, kisha likaingia katika Nokia 1100 ya mwaka 2003, simu yenye tochi iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Simu za aina hiyo Tanzania huziita vitochi na Kenya huziita mulika mwizi, na ndizo zilizomleta nyoka hadi vijijini, mahali ambapo mashine ya sarafu isingefika kamwe. Njiani sarafu ilikuwa imeondoka. Gemu ilikuja ndani ya simu, na anayeinunua simu alikuwa amemaliza kulipa.

Hilo lilionekana katika uchezaji wenyewe. Kanuni zilikuwa chache: vitufe 2, 4, 6 na 8 vya kugeuzia, chakula cha kufuata, mwili unaorefuka. Lakini ndani yake mlikuwa na jambo ambalo naliona la akili sana, kwamba kufaulu ndiko kulikouleta mwisho. Kadiri ulivyocheza vizuri ndivyo nyoka alivyojaa, na kioo cha 3310 kilikuwa na nukta 84 kwa 48 tu. Hata fundi aliyebobea alijua ataishia kujing'ata. Akishajing'ata, basi, simu inaonyesha alama na kunyamaza. Ilihifadhi rekodi moja tu ya juu, bila jina, kwa hiyo katika nyumba yenye simu moja rekodi ilikuwa ya simu, na aliyeiweka alihitaji mashahidi. Baada ya hapo simu ilirudi kwa mwenyewe, awe baba, shangazi au mjomba, maana ilikuwa na kazi nyingine. Katika 3310 hiyohiyo mlikuwa pia na Bantumi, mchezo wa mashimo na kete ulio wa ukoo mmoja na bao letu. Mzee aliyezoea bao la mashimo 32 barazani angeutambua mara moja, ingawa angeuona mwepesi. Nautaja kwa kuwa bao nalo lina sifa ninayoizungumzia: aliyelichonga halipwi zaidi mkicheza mpaka magharibi.

Sasa nirudi kwa wanaosema kinachotuvuta ni ujana. Kama ingekuwa ujana peke yake, tungeyatamani yote ya wakati ule kwa kipimo kimoja. Sijasikia mtu anayetamani kukwangua vocha ghali, kubipu kwa sababu salio haliruhusu kuongea, au kupanda kilimani kutafuta mtandao. Tunachagua. Na hamu inayochagua inatueleza jambo kuhusu kile ilichokichagua.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: Nokia haikuwa taasisi ya hisani, iliiweka gemu ili iuze simu. Ni kweli kabisa, na ndipo hoja yangu inaposimama. Biashara ilikwisha dukani. Ukicheza dakika tatu au saa tatu, kule Ufini mapato yalikuwa yaleyale, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya mtu kukaa akitafuta namna ya kukuzuia usiondoke. Linganisha na Candy Crush Saga ya mwaka 2012. Kuipata ni bure. Unapewa uhai tano, ukiupoteza mmoja unasubiri dakika 30 urudi, au unalipa usisubiri. Kusubiri huko kumepangwa. Hakutokani na udogo wa kioo. Na kunalipa: King, kampuni iliyoitengeneza, ilinunuliwa mwaka 2016 kwa dola bilioni 5.9. Sarafu ya 1976 imerudi, ila sasa haiombwi mlangoni kabla hujaanza, inaombwa katikati, pale unapotamani zaidi kuendelea.

Je, nyoka hakuwa na uraibu? Alikuwa nao, na vitabu vya shule viliachwa wazi kwa ajili yake. Uraibu ule hata hivyo ulitoka kwa mchezaji na mchezo, bila mtu wa tatu anayeuhesabu na kuulisha. Wala sisemi michezo ya leo ni duni. Iko yenye hadithi, muziki na michoro ambayo Armanto asingeweza hata kuijaribu kwenye simu ile, na iko inayouzwa mara moja kisha ikakuacha ucheze kwa amani. Hiyo naihesabu katika ukoo wa nyoka, hata kama haifanani naye. Ndiyo maana 3310 mpya ya mwaka 2017, iliyokuja na nyoka wa rangi, naiona ilirudisha sura tu. Tulichokipoteza si mstari mweusi kwenye kioo cha kijani.

Lipo pingamizi la mwisho, kwamba utulivu ule ulitokana na uduni wa simu, maana ingeweza kudai, ingedai. Kwa sehemu nakubali. Lakini historia ya hapa kwetu inaonyesha kwamba pesa ilifika ndani ya simu zilezile. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, ilifanya kazi kwenye vitochi. Kwa miaka kadhaa akiba ya familia na gemu ya nyoka vilikaa katika simu moja, na mzazi aliweza kumwachia mtoto acheze bila gemu kuwa na njia yoyote ya kuifikia pesa hiyo.