Kinywaji cha Safari ya Ziwani

Juzi nilimsindikiza mama yangu kutoka Lingeka kwenda Bukoba kumtazama dada yangu aliyejifungua. Tulipita Bariadi na Lamadi hata Mwanza, na jioni tukapanda meli. Safari ilikuwa ya usiku kucha.

Mama ana ugonjwa wa sukari. Kiu ilipomshika, nilikwenda dukani mle melini, nikaona soda za rangi nyingi, zote tamu. Chupa moja ndogo yaweza kuwa na sukari vijiko vya chai 7 hata 8. Nikarudi mikono mitupu, nikiona haya. Maji yalituzunguka pande zote, lakini maji mabichi ya Ziwa Viktoria yaweza kuleta kuhara na kipindupindu.

Mama akacheka, akafungua kikapu chake. Mlikuwamo chupa ya maji yaliyochemshwa nyumbani, na kifuko cha unga wa ubuyu wa mibuyu ya kwetu. Akakoroga bila sukari, akanywa, akanipa nami.

Nimewafundisha watoto wengi habari za maji safi. Kumbe siku ile nilifunga vitabu, nikasahau chupa. Basi, mwenye kusafiri na mgonjwa, na afunge kinywaji chake kwanza, ndipo afunge nguo.