Jumamosi Mbili na Bendi ya Mpakani

Ndugu msomaji, mtu aliyelelewa katika nyumba za polisi mjini Tororo ana mambo mawili asiyoweza kuyasahau: jabali na muziki. Jabali la Tororo ni kiini cha volkeno ya kale. Limesimama pekee juu ya mji, na kilele chake kiko kiasi cha mita 1,483 juu ya usawa wa bahari. Muziki nao ulitoka katika redio ya marehemu baba, aliyekuwa sajini, ambayo mchana ilishika Kampala na usiku ikashika Nairobi. Hivyo tulizijua bendi za nchi mbili kabla hatujavuka mpaka hata mara moja.

Kutoka Kampala tuliwasikia Afrigo, bendi iliyoanzishwa mwaka 1975, pamoja na saksafoni ya Moses Matovu. Kutoka Nairobi tuliwasikia Maroon Commandos, bendi ya wanajeshi wa Kenya iliyoongozwa miaka mingi na Habel Kifoto. Wimbo wao wa Kitaita, "Charonyi ni Wasi", unaeleza taabu za kuwa mbali na nyumbani, na kila askari aliyepangiwa kazi ugenini aliuelewa hata kama Kitaita hakijui. Baba alikuwa akituamuru tunyamaze hadi uishe.

Hata hivyo, bendi ninayoipenda kuliko zote haijapata kusikika katika redio yoyote. Ni bendi ya watu saba, hupiga katika kumbi ndogo za Tororo na Busia, nasi wa huku huiita "bendi yetu" tu. Kiongozi wake ni mzee aliyestaafu jeshini, alikojifunza kupuliza saksafoni katika bendi ya gwaride. Kila mtu humwita Afande.

Jumamosi ya kwanza ninayotaka kuisimulia ilikuwa Tororo. Ukumbi uko nyuma ya safu ya maduka. Paa ni la mabati, viti ni mabenchi, na ukijaa hauchukui zaidi ya watu mia. Aketiye benchi la mbele huona mambo ambayo redio haikupata kumwonyesha. Huona kidole cha mpiga solo kilivyofanya sugu. Huona mguu wa kushoto wa Afande ukigonga sakafu mara mbili, nayo ndiyo amri ya kuacha kuimba na kuingia katika mwendo wa kasi. Huona mpiga besi akikosea, wenzake wakitazamana na kutabasamu, na mpiga ngoma akilifunika kosa lile kabla halijafika mlangoni.

Usiku ule tulikuwa watu kumi na wanane. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alasiri, na ukumbi wa jirani ulikuwa na disko lisilo na kiingilio. Bendi ilipiga saa nne kamili bila kupunguza hata wimbo mmoja, kana kwamba mabenchi yote yamejaa. Walipomaliza, nilimwendea kiongozi.

"Shikamoo, Afande. Habari za mlangoni?"

"Marahaba, mwanangu. Za mlangoni ndizo hizi." Akanionyesha bahasha nyembamba. "Haitoshi hata kukodi jenereta. Kuna watu wa kanisa wanataka ngoma na spika zangu, na bei yao si mbaya. Jumamosi ijayo tuko Busia. Mlango ukikataa na kule, nitawauzia."

Nilirudi nyumbani nikiwa mzito. Asubuhi nilimweleza mama watoto kwamba nataka kwenda Busia. Hakupendezwa. "Baba watoto," alisema, "karo ya muhula haijatimia, nawe wataka kulipa kiingilio nchi ya mbali?" Sikuwa na jibu. Ila jioni, alipokuwa akipepeta mchele, yeye mwenyewe alinipa shauri: "Weka kando fedha ya pombe ya wiki hii. Itatosha nauli ya watu wawili na viingilio viwili. Nami nitampelekea habari dada yangu, aje na wenzake." Dada yake ameolewa Busia ya Kenya.

Safari ya kutoka Tororo hadi Busia ni fupi. Taksi hushuka kusini kati ya mashamba ya mihogo na mtama, hata ukaanza kuuona msururu wa malori yanayongoja kuvuka. Hapo ndipo Busia, jina moja lenye miji miwili. Mwaka 1902 wakoloni waliuondoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakautia katika nchi iitwayo Kenya leo, na mpaka ukapita katikati ya jamaa. Wasamia wako pande zote mbili, na Wateso vivyo hivyo. Ndiko pia linakosemwa kuzaliwa neno bodaboda, kwa waendesha baiskeli waliowabeba abiria kutoka kizuizi kimoja hadi kingine. Tangu mwaka 2018, ulipozinduliwa rasmi utaratibu wa kituo cha pamoja, msafiri hukaguliwa mara moja tu, katika upande anaoingia.

Wanamuziki waliuzoea mpaka kabla ya utaratibu huo. Samba Mapangala alitoka Kongo, akapiga Kampala na kundi la Les Kinois katikati ya miaka ya 1970, akahamia Nairobi mwaka 1977, na mwaka 1981 akaunda Orchestra Virunga. Daniel Owino Misiani alizaliwa Shirati, Tanzania, akapata sifa nchini Kenya kwa muziki wa benga na Shirati Jazz hadi ajali ya barabarani ilipomuua mwaka 2006. Muziki tuliourithi ulijengwa na watu waliobeba gitaa wakavuka. Afande naye, akiwa na kazi ng'ambo, hupanda bodaboda na saksafoni yake kifuani kama mtoto mchanga.

Ukumbi wa Busia uko upande wa Uganda, karibu na mpaka, na mlangoni hupokea shilingi za nchi zote mbili. Saa tatu usiku tulikuwa watu wachache mno, nikaona mke wangu akinitazama kwa huruma. Saa nne akaingia dada yake na wanawake tisa wa ng'ambo, wamevaa vizuri, wakicheka. Nyuma yao wakaja askari wasiokuwa zamu pamoja na wake zao. Kisha wakafika madereva wa malori, ambao walikuwa wamekwama katika msururu na hawakuwa na pa kwenda.

Bendi ilianza kwa Kiswahili, ikafuata Kisamia, kisha Kiteso. Kila lugha ilipoguswa, kona moja ya ukumbi iliinuka. Usiku wa manane Afande aliwageukia madereva. Kama ilivyo desturi ya waimbaji wa benga kuwataja watu wimboni, yeye alizitaja njia zao: Mombasa, Eldoret, Kampala, Juba. Wa Mombasa walitoka kwanza, wakacheza mpaka mbele, wakamtunza. Wa Juba hawakukubali kushindwa. Ikawa mashindano. Mpiga solo alikuwa amefumba macho, jasho likimchuruzika, na sisi wa benchi la mbele tulikuwa tukimwitikia kiitikio bila kuombwa. Hapo mama watoto, aliyekuwa akihesabu karo wiki nzima, alifungua pindo la leso yake, akaenda kwa mwendo wa ngoma, akaweka noti katika kiganja cha mzee.

Kulipopambazuka, Afande alihesabu fedha mezani katika mafungu mawili, shilingi za Uganda kulia na za Kenya kushoto. Alitoa ya jenereta, ya ukumbi, na ya kila mpigaji. Ilibaki ya kununulia nyuzi mpya za gitaa na kulipia ukumbi wa Tororo kwa Jumamosi mbili.

"Je, watu wa kanisa, Afande?"

"Waambie mwezi huu siuzi," alisema. "Mwezi ujao tutaulizana tena."

Ndugu msomaji, huenda karibu na kambi yako au kituo chako kuna bendi kama hii. Usingoje kusikia kwamba vyombo vyake vimeuzwa ndipo uanze kuisifu. Ingia kwa mlango, lipa kiingilio, wala usimwache mama watoto nyumbani, kwa maana huenda yeye akajua kuliko wewe fedha itoke wapi. Sisi tulirudi kwa taksi ya alfajiri. Mke wangu alisinzia begani mwangu, na nilipoliona jabali la Tororo likichomoza katika ukungu, alikuwa bado anaimba kwa pua wimbo wa wa Juba.