Kilicho Kichwani na Kilicho Daftarini

Aghalabu sisi wanafunzi wa fasihi hudhaniwa kuwa watu wa kukariri tu. Mimi, pamoja na kusomea shahada ya uzamili, hujikimu kwa kusimamia tarakilishi za maabara ya wanafunzi, na huko nako nimeikuta imani iyo hiyo: kwamba fundi bora ni yule aliyehifadhi amri zote kichwani, na kwamba anayefungua kitabu mbele ya mtambo ameumbuka. Siibezi imani hii, lakini siikubali.

Mfumo wa Unix, ambao Linux ilifuata nyayo zake, ulipata mwongozo wake wa kwanza Novemba 1971 kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Hadi leo miongozo ya aina hiyo hukaa ndani ya mtambo wenyewe, ikimsubiri mwenye haja. Wabunifu wenyewe, basi, waliona umuhimu wa maandishi. Wahenga nao walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata hivyo, daftari halimjibu asiyejua la kuuliza. Mwanafunzi akilalamika kuwa kazi yake haihifadhiki, sharti nijue kwamba huenda diski imejaa au hana idhini ya kuandika, ndipo nitambue ukurasa wa kufungua. Fauka ya hayo, njia ya kutafutia huweza kufungika. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota nchini Kenya na kwa majirani. Aliyezoea kuuliza wavuti kila jambo alijikuta hana wa kumuuliza.

Lakini kukariri nako kuna hatari zake. Tarehe 31 Januari 2017, fundi wa kampuni ya GitLab alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Amri yenyewe ilikuwa sahihi. Mahali ndipo palipokuwa si penyewe. Nakala rudufu kadhaa zilizotegemewa zikabainika kuwa hazifanyi kazi, na data ya takriban saa sita ikapotea.

Nayasema haya kwa kuwa muhula huu nimetakiwa kutunga mtihani wa kumteua atakayerithi nafasi yangu. Wenzangu wanataka amri zikaririwe, maana ndivyo walivyopimwa wao. Namjua kijana hodari aliyekosa kazi kwingine kwa kusahau herufi moja mbele ya jopo, ilhali nyumbani wadogo zake wanamtegemea kwa karo. Mimi nimependekeza watahiniwa wapewe seva yenye hitilafu na mwongozo uliofunguliwa.

Tungo za Muyaka bin Haji zilitufikia kwa kuwa watu wa Mombasa walizihifadhi vifuani, kisha Mwalimu Sikujua akazitia katika maandishi. Kifua na karatasi havikushindana, vilipokezana. Kwa hiyo, kabla mtahiniwa hajagusa kibodi, nitamwuliza maswali matatu ambayo hayana budi kujibiwa bila kitabu: Uko kwenye seva ipi? Nakala rudufu iko wapi? Ni lini mara ya mwisho ulipojaribu kuirejesha? Herufi za amri na zikae daftarini.