Picha ya Nyuma ya Jicho la Shosho

Wahenga waliponena kwamba kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa na habari za ugonjwa wa sukari, lakini msomaji mpenzi, sijaona maradhi yanayoifaa methali hiyo kuliko haya. Malaria hukutetemesha. Jino hukunyima usingizi. Sukari ikianza kuharibu jicho, mwenye jicho hana habari: hasikii maumivu, halitoki machozi, na gazeti anasoma kama kawaida. Atakapokuja kushtuka, mara nyingi maji yamekwisha kumwagika. Ndiyo maana nimeamua kuandika juu ya kamera, si juu ya kupunguza chapati na soda, mambo ambayo kila mtu amekwisha kuyasikia redioni.

Naishi na wazazi wangu pamoja na nyanya. Nyumbani tunamwita shosho, nami nitamwita hivyo hapa pia, mlezi wa chama akiniruhusu. Ana sukari kwa miaka tisa sasa. Kila mwezi huenda kliniki, hutobolewa kidole, hupewa vidonge vyake akarudi. Macho hayakuwahi kuangaliwa hata siku moja. Akiambiwa apimwe alikuwa na jibu lake: "Mimi natunga uzi kwenye sindano bila miwani. Nyinyi wenye miwani ndio mpelekwe." Na kweli alikuwa akitunga, tena jioni, taa ikiwa mbali.

Mwanzoni mwa mwaka huu wagonjwa wote wa sukari waliambiwa waende kupigwa picha ya macho, kila mmoja na mtu wa kumrudisha nyumbani. Wenzetu wa shule za bweni hutucheka sisi wa kutwa kwamba tunasoma huku tukitumwa dukani, lakini siku kama hizo ndipo watu hujua faida ya mtoto anayelala nyumbani. Mara ya kwanza tulikuta mashine imeharibika, nauli ikaenda bure. Mara ya pili tulifika saa mbili asubuhi tukaingia foleni.

Shosho alitiwa matone, akaambiwa angoje. Baada ya kama nusu saa hivi mboni zake zilikuwa zimetanuka, nyeusi, kubwa kama za paka gizani. Kazi ya matone ni hiyo tu. Mboni ni dirisha, na mwanga ukiingia mboni hujikunja. Sasa ukitaka kupiga picha ya chumba kupitia dirishani, lazima dirisha liachwe wazi. Ubaya wake ni kwamba kwa saa kadhaa baadaye mtu huona ukungu na jua humchoma macho. Ndiyo sababu ya kutakiwa mtu wa kumshika mkono.

Kisha akaweka kidevu juu ya kibao na paji la uso kwenye ukanda. "Shosho, angalia ile taa ya kijani, usipepese macho," muuguzi akasema. Pa! Mwanga ukawaka. Akaruka kidogo, akauliza kama ni radi. Jicho la pili likafuata. Kupiga picha zenyewe hakukuchukua hata dakika tano, na hakuna kilichomgusa jichoni.

Wale waliotengeneza kamera ya tundu kwa boksi kidato cha kwanza wataelewa upesi. Jicho ni boksi kama lile, na ukuta wa nyuma unaopokea picha unaitwa retina. (Mada yenyewe ya jicho katika Bayolojia tutaifikia kidato cha nne, lakini shosho hakuweza kungoja silabasi.) Ule wekundu unaouona machoni mwa watu katika picha zilizopigwa usiku ni mwanga uliogonga huko nyuma ukarudi. Mwaka 1851 Mjerumani Hermann von Helmholtz alitangaza kifaa kilichomwezesha daktari kuchungulia retina ya mtu aliye hai. Lakini kwa kifaa hicho aonaye ni daktari peke yake. Mgonjwa huambiwa tu. Picha ni tofauti. Hukaa, huweza kulinganishwa na ya mwaka ujao, tena mgonjwa mwenyewe huiona.

Naam, shosho aliiona. Muuguzi alitugeuzia kompyuta. Mie nilitarajia kitu cha kutisha, kumbe retina inapendeza: duara la rangi ya chungwa, upande mmoja doa jeupe jeupe ambapo mshipa wa kuona hutokea, na mishipa ya damu ikitawanyika kama mito katika ramani. Ya jicho la kulia ilikuwa na vidoti vyekundu viwili vitatu. Ya kushoto, lo! Vidoti vilikuwa vingi, mabaka ya damu hapa na pale, madoa ya manjano, na karibu na lile doa jeupe kulikuwa na vimishipa vyembamba vilivyojipinda kama nyuzi zilizotatizika.

Tulielezwa hivi. Sukari ikikaa juu miaka mingi hudhoofisha kuta za mishipa midogo. Kuta hufura, ndivyo vidoti, kisha huvuja damu na mafuta. Mishipa mingine huziba, retina ikakosa hewa safi, nayo kwa kuhangaika huotesha mishipa mipya. Mtu angedhani hiyo ni heri, lakini mishipa hiyo ni dhaifu mno. Ikipasuka, damu hujaa ndani ya jicho. Ikifanya makovu, makovu huivuta retina ikabanduka. Na wakati wote huo, kama katikati ya retina, pale tunaposomea, hapajaguswa, mwenyewe anatunga uzi!

Daktari alisema jicho la kushoto lichomwe kwa leza mapema. Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Shosho ana jirani aliyechomwa leza na sasa haoni. Alimuuliza daktari waziwazi: "Mnataka niwe kama yeye?" Daktari hakumficha. Alisema leza hairudishi nuru iliyokwisha kupotea, na aliyechelewa sana haiwezi kumwokoa. Tena inaweza kumpunguzia kidogo uwezo wa kuona pembeni na usiku. Kazi yake ni kulinda kilichobaki. Njia nzima ndani ya matatu shosho hakusema neno. Baba naye usiku alitaka tungoje mpaka karo yangu ilipwe. Nilikuwa karibu kukubali, lakini shosho akasema, "Nimeziona zile nyuzi. Maneno ya daktari ningeyasahau."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nitafute habari zaidi. Nimegundua kwamba Uingereza ilianza mpango wa taifa wa kuwapiga picha wenye sukari mwaka 2003. Mwaka 2014 watafiti walitangaza kuwa huko na Wales, kwa mara ya kwanza katika miaka kama 50, macho kuharibiwa na sukari hakukuwa tena sababu ya kwanza ya upofu kwa watu wa umri wa kufanya kazi, na upigaji picha ulitajwa kuwa huenda ulichangia. Mwaka 2018 Marekani iliruhusu programu ya kompyuta inayoisoma picha yenyewe na kusema nani aende kwa daktari wa macho. Hata hapa kwetu Nakuru, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mtu asiye daktari, akifundishwa, anaweza kupiga kwa simu picha nzuri ya lile doa jeupe la mshipa wa kuona. Naona hiyo ni habari kubwa kwa vijiji ambavyo mashine nzito haifiki. Lakini picha bila leza karibu ni picha ya ukutani tu. Anayepigwa apate pia pa kutibiwa.

Jicho la kushoto limechomwa mara mbili. Shosho anasema lilimwashia taa nyingi kama za disko, ambayo sijui aliiona wapi. Bado anaona. La kulia litapigwa picha tena mwezi wa Agosti. Baba mdogo, ambaye ana sukari kwa miaka sita, bado anasema macho yake ni mazima, na shosho amekwisha kumwekea nauli kando.