Nyumba ya Shakespeare na kadi za michango

Wiki hii siasa zipumzike kidogo. Kama mjuavyo, gazeti limenipa ruhusa ya masomo na niko hapa Birmingham nasukumana na vitabu. Jumamosi iliyopita chama cha wanafunzi wa kigeni kilikodi basi kututembeza mashambani. Tulikuwemo Wachina, Wanigeria, Wabrazili, Mhindi mmoja mwenye kamera kubwa kuliko kichwa chake, na Mtanzania mmoja, yaani mimi, niliyebeba maandazi yangu mwenyewe kwa sababu bei za vyakula huku si za mchezo.

Ukitoka Birmingham kwenda kusini, jiji linakatika ghafla na unaingia kwenye kijani. Mashamba yamezungushiwa ua wa miti badala ya seng'enge, kondoo wametapakaa kama pamba iliyomwagika. Ni pazuri, sitaki kuwa mchoyo wa sifa. Ila kijani hicho kinalipiwa kwa mvua, tena mvua isiyo na adabu: haipigi radi, haitangazi wingu, unashtukia tu umelowa.

Tulisimama kwanza Shottery, kijiji kilicho jirani na mji wa Stratford-upon-Avon. Hapo ndipo ilipo nyumba alimokulia Anne Hathaway, mke wa Shakespeare. Umbeya kidogo: walipooana mwaka 1582, bwana harusi alikuwa na miaka 18 na bibi harusi 26, na mtoto wao wa kwanza alibatizwa miezi sita baadaye. Hesabu fanyeni wenyewe. Kilichonishangaza mimi lakini ni paa. Nyasi! Kwetu bibi yangu alipoezeka bati, kijiji kizima kilikuja kumpa hongera. Huku mwenye paa la nyasi ni mtu mwenye nafasi yake, maana mafundi wa kuliezeka ni wachache na gharama zake zinatisha.

Kutoka hapo tukaingia Stratford kwenyewe. Mto unaopita pale unaitwa Avon, neno ambalo asili yake ni lugha za Kiselti na maana yake ni mto. Kwa hiyo Waingereza wakisema Mto Avon wanasema Mto Mto. Nyumba alimozaliwa Shakespeare mwaka 1564 ipo mtaa wa Henley. Baba yake alikuwa fundi wa glavu za ngozi. Ngazi zinalia ukipanda, na kuna dirisha la zamani ambalo wageni walikuwa wakichora majina yao kwenye vioo, akiwemo mwandishi Walter Scott. Kumbe tabia ya kuandika "nilikuwa hapa" si ya wanafunzi wa bweni peke yao.

Ndani tulipokelewa na mama mmoja wa makamo, mwenye mvi na sauti ya mwalimu. Nikamwambia kwamba rais wetu wa kwanza, Mwalimu Nyerere, alizifasiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare: ile ya Julius Caesar, iliyotoka mwaka 1963 na kurekebishwa mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na Mabepari wa Venisi, mwaka huohuo wa 1969. Mama akavua miwani. "Akiwa rais? Muda aliupata wapi?" Nikajisikia kifua kinapanuka, mnajua tena. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Na mwandishi wenu mkubwa ni nani? Nikija kwenu, nyumba yake nitaikuta wapi?"

Nikamjibu kwamba ni Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 Vibambani, kusini mwa mji wa Tanga, na kufariki mwaka 1962. Nikamweleza kwamba alikuwa karani katika serikali ya kikoloni, na kwamba mwaka 1951 ilitoka Kusadikika, hadithi ya nchi inayowaadhibu wanaosema ukweli. Akachukua kalamu, akaniomba nimtajie herufi za Vibambani moja moja, akaandika. Kuhusu nyumba sikuwa na la kumwambia. Katika miaka yote niliyosoma Kiswahili, shule ilitupeleka Mikumi kuona twiga na Kaole kuona magofu. Kukariri Kusadikika kwa ajili ya mtihani tulikariri. Kupandishwa gari kwenda Vibambani, hata siku moja.

Hapa najua mtasema: kijana kaona Ulaya, kaanza kutusimanga. Subirini kwanza. Waingereza nao walibomoa. Nyumba kubwa aliyoinunua Shakespeare mwaka 1597 na kufia humo mwaka 1616, iliyoitwa New Place, haipo. Ilikuja kumilikiwa na mchungaji mmoja, Francis Gastrell. Alichoshwa na wageni waliokuja kuuchungulia mti wa mforsadi ambao inasemekana Shakespeare aliupanda mwenyewe, akaukata. Mwaka 1759 akaibomoa na nyumba. Leo pale ni bustani.

Na hiyo ya mtaa wa Henley iliponea chupuchupu. Kwa muda mrefu sehemu yake moja ilikuwa baa na nyingine bucha. Naam, bucha! Mwaka 1847 ikapigwa mnada. Inasimuliwa kwamba Mmarekani P. T. Barnum, mfanyabiashara wa maonyesho, alitaka kuinunua na kuihamishia kwao. Ndipo watu wakaunda kamati, wakachangisha, Charles Dickens naye akiunga mkono, na wakainunua kwa pauni 3,000.

Nilidhani hilo ni jambo la mara moja, mpaka basi lilipotufikisha Chipping Campden, mji mdogo wa Cotswolds wenye nyumba za mawe ya rangi ya asali, uliotajirika kwa sufu ya kondoo wale wale. Katikati pana banda la soko lililojengwa mwaka 1627. Miaka ya 1940 nalo lilikuwa karibu kuuzwa Marekani. Wenyeji wakachangishana, wakalinunua, wakalikabidhi kwa shirika la kutunza urithi. Mchango mwingine!

Ndugu zangu, mchango ni kitu gani tusichokijua? Sisi ndio mabingwa. Hapa nilipo, maili maelfu kutoka Dar es Salaam, simu yangu imejaa kadi za harusi tatu, sendofu mbili na kicheni pati moja. Kamati zetu zina mwenyekiti, mweka hazina na mtu maalumu wa kuwabana wanaokwepa. Mamilioni yanapatikana kwa miezi miwili na kuliwa kwa usiku mmoja. Tukitaka, tunaweza.

Wala si kwamba hatujui kutunza nyumba. Kwihara, karibu na Tabora, tunalitunza tembe alilokaa Livingstone. Butiama ipo makumbusho ya Mwalimu. Mgeni aliyepita tumemtunza, kiongozi tumemtunza. Aliyetupa lugha ya kuwasimulia wote wawili tumemwachia mtihani wa kidato cha nne.

Kwa hiyo nina pendekezo, na si la kuisubiri wizara. Nikirudi, tukodi Coaster moja, watu 25 tu, tuanzie Tanga mjini hadi Vibambani. Tukae na wazee, tuwasikilize na kuandika wanachokumbuka kabla hawajaondoka nacho. Tuwaulize wao, wenye mahali pao, wangependa nini kifanyike. Baada ya hapo ndipo kamati iundwe. Nauli yangu nimeshaitenga kwenye bahasha, na kwa harusi moja kati ya zile tatu nitaomba radhi. Bwana harusi ni rafiki yangu, ataelewa. Asipoelewa, nitampelekea Kusadikika.