Moba: saa moja inayoweza kula pesa ya ng'ombe

Baba mmoja wa Moba ameuza ng'ombe wawili kule Pepa ili binti yake aende kusoma Dodoma. Ndege kutoka Lubumbashi ikitua Dar es Salaam saa nane mchana kwa saa ya Moba, kule tayari ni saa tisa. Bado kuna foleni ya pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, mizigo, kubadilisha pesa, na msongamano wa magari hadi stesheni. Treni ya umeme, iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024, haimngojei mtu. Waliotangulia wanamshauri binti: rekebisha saa ungali ndani ya ndege, lala kwa jamaa, kata tiketi ya kesho asubuhi. Ng'ombe wa tatu hayupo.